Safari ya kusimamasimama

Kuna kina baba ambao kwao safari nzuri ni ile ya kusimama mara moja tu, kujaza mafuta. Wakifika hupiga simu kwa ndugu kutaja saa walizotumia barabarani. Baba wa familia moja ya Dodoma alikuwa mmoja wao, na likizo ya Juni mwaka jana aliendesha hivyo hivyo kwenda Pangani, mama pembeni, watoto wawili nyuma.

Binti yao wa miaka tisa ana selimundu. Waligundua akiwa na mwaka mmoja, vidole vya mikono na miguu vilipovimba akawa analia usiku kucha. Dawa zake hazikosi, kliniki hakosi. Lakini siku ile, karibu na Gairo, aliomba kushuka kujisaidia, na baba akasema avumilie hadi Morogoro. Morogoro alishuka. Baada ya hapo hakuomba tena. Mama alipompa chupa ya maji alisema hana kiu.

Haikuwa ukaidi. Alikuwa amepiga hesabu yake: asipokunywa, hatamsumbua baba.

Usiku wa kwanza Pangani maumivu yalianza miguuni, yakapanda mgongoni. Bahari waliiona kupitia dirisha la gari wakikimbilia hospitali. Siku tatu za likizo ziliishia wodini, dripu mkononi. Daktari wa zamu ndiye aliyeuliza swali ambalo hawakulitarajia: "Njiani alikunywa maji kiasi gani?"

Kisha akawaeleza. Figo za watoto wengi wenye selimundu hushindwa kurudisha maji mwilini inavyotakiwa, hivyo hukojoa mara kwa mara, wengine hata kitandani wakiwa wakubwa. Mwili ukipungukiwa maji, seli nyekundu nyingi zaidi hujikunja kama mundu, zikanatana na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu makali huanza. Baridi na uchovu navyo huyachochea. Asiyejua haya huona mtoto anayedeka. Baba alisikiliza akitazama sakafu.

Juni hii walirudi. Hawakuondoka alfajiri, maana Dodoma mwezi huo ina baridi; walisubiri jua litoke. Dawa na kadi ya kliniki vilikaa kwenye mkoba wa mama, si kwenye buti chini ya mabegi. Ndani ya mkoba huo kulikuwa pia na plastiki ya kutandika juu ya godoro la gesti, na hakuna aliyeizungumzia. Safari waliigawa mara mbili, wakalala Morogoro. Ni gharama, na mama aliitoa kwenye fedha za zawadi za ndugu.

Baba sasa ndiye aliyetafuta pa kusimama: Kibaigwa, Gairo, Dumila, kesho yake Chalinze, halafu ng'ambo ya daraja la Wami. Kila kituo alishuka yeye wa kwanza. Mdogo wake binti alinung'unika kwamba safari haiishi, hadi walipofika Muheza na machungwa yake.

Asubuhi ya kwanza ufukweni mvulana alijitosa majini jua likiwa bado changa. Binti aliambiwa asubiri, maji yapate joto kidogo. Akakaa mchangani, khanga ya mama mabegani, baba kando yake. Walitazama ngalawa za wavuvi zikirudi moja moja, hawasemi kitu, kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kukaa pamoja bila televisheni. Ilipofika saa nne aliingia hadi kiunoni. Baba alisimama pale maji yanapoishia, suruali imekunjwa, taulo mkononi.

Siku ya kurudi, walipokaribia Gairo, binti alisema, "Baba, naomba kushuka."

Gari ilikuwa imeshapunguza mwendo.