Mita Mia Tano za Upper Hill

Shangazi yangu wa South C alinionya nisipande kwa miguu. "Chukua bodaboda, mwanangu. Upper Hill si Mombasa, kule ni kilima." Sikumsikia. Nilishuka matatu karibu na stesheni ya reli, nikashika Barabara ya Haile Selassie, nikavuka Uhuru Highway katikati ya umati wa wafanyakazi wa asubuhi, uwanja wa gofu wa reli ukiwa kushoto kwangu. Nusu ya mwinuko nilielewa kwa nini wakubwa wa reli, baada ya njia kufika Nairobi mwaka 1899, waliwaachia vibarua na mabehewa bondeni, wao wakaja kujenga juu penye upepo.

Nyumba zao za mawe zenye paa za vigae zimebaki chache. Mahali pake pamesimama mnara wa Britam wenye mita 200, na ule wa UAP Old Mutual, na benki, na bima. Afya House, makao ya Wizara ya Afya, iko upande huuhuu. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901, iko hapa, na Nairobi Hospital haiko mbali. Mgeni anayepita kwa mara ya kwanza na kusoma vibao vya kliniki angesema mtu akianguka Upper Hill ameangukia mikononi mwa daktari.

Mimi nilikuwa nakwenda kujifunza kusukuma kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Darasa lilikuwa ndani ya jengo moja la ofisi, na wanafunzi walikuwa mchanganyiko: wahasibu, matarishi, mpishi wa kantini, na soja wa getini aliyeombewa ruhusa ya siku moja. Mwalimu, aliyewahi kufanya kazi kwenye ambulensi, hakuanza na moyo. Alianza na simu. Aliinua yake hewani akatuuliza: ukiona mtu ameanguka, haamki, hapumui sawasawa, nani kati ya walio karibu anajua la kufanya, na utampataje?

Jibu moja alilitoa Stockholm. Huko, mtu alipopiga namba ya dharura na ikadhaniwa kwamba moyo umesimama, kompyuta ilitafuta wananchi waliofunzwa na kujiandikisha ambao simu zao zilikuwa ndani ya mita 500, ikawapigia na kuwatumia ujumbe. Watafiti waliacha bahati nasibu iamue: mara nyingine arifa itumwe, mara nyingine izuiwe. Kati ya wagonjwa 667, waliosukumwa kifua kabla ya ambulensi kufika walikuwa asilimia 62 pale arifa ilipotumwa, na asilimia 48 ilipozuiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Mwalimu hakutuficha upande wa pili: kwa walionusurika hadi siku 30, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha jambo. Nilimpenda kwa hilo. Wauzaji wa programu za simu hawasemi hivyo.

Akaongeza habari ya Richard Price, aliyekuwa mkuu wa zimamoto wa San Ramon Valley kule California. Mwaka 2009 alikuwa mezani akila chakula cha mchana aliposikia ving'ora vikija kwake. Mgonjwa alikuwa jengo la jirani, moyo umesimama, na yeye mwenye ujuzi hakuwa na habari. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la PulsePoint, programu ya simu inayowaita waliofunzwa walio karibu.

Kisha tukapiga magoti. Kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, sukuma kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na uache kifua kirudi juu kabla ya kusukuma tena. Kwa maneno ni rahisi. Kwa mwanasesere wa plastiki, dakika ya pili mabega yanaungua. Mhasibu mmoja mwenye mikono laini alisimama akidai hewa. Soja alisukuma kama anayetwanga, kwa mapigo yaleyale, hadi mwalimu akamwambia atuhesabie sisi wengine.

Mchana soja huyo alinitembeza. "Madam, huku mita mia tano si mbali," alisema. "Twende nikuonyeshe." Tulitoka kwenye barabara ya hospitali tukaenda hadi mnara ambao tungeweza kuugusa kwa jicho. Mwendo wenyewe ulikuwa mfupi. Kisha geti. Kitambulisho mezani, jina daftarini, namba ya simu, unakwenda kwa nani, saa ngapi. Kisha mashine ya kukagua mifuko. Kisha lifti isiyopanda bila kadi. Kila dakika bila kusukumwa kifua na bila mshtuo wa umeme hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia saba hadi kumi. Sisi tulikuwa bado tunasubiri beji ya mgeni. Ramani ya Stockholm haina ghorofa ya ishirini na moja.

Nilimuuliza watu wa hapa hupiga wapi. Wengine 999, wengine 112, wengine 1199 ya Msalaba Mwekundu, wengi humpigia ndugu mwenye gari. Kampuni ya Flare ilianza Nairobi kwa kuyaweka magari ya ambulensi ya watu mbalimbali kwenye ramani moja, ili liitwe lililo karibu. Hayo ni magari. Watu wanaoitwa kwa simu nilikuwa nimewasikia Tanzania: katika mpango wa m-mama, mjamzito akipata dharura hupigiwa 115, na kama ambulensi haipo huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, nauli yake ikalipwa kwa simu. Kama simu inaweza kumwita mwenye teksi, nikasema, itamwita na mwenye kiganja.

Soja akacheka. "Itamwita. Lakini mtu akianguka hapa stejini, wa kwanza watasema amewekewa mchele, ile dawa ya wezi ya kulaza watu. Ukimwinamia, watasema wewe ndiye mwizi." Akanyamaza kidogo. "Na mimi nikikimbia, geti nimemwachia nani? Barua ya kufukuzwa itaandikwa jina langu."

Swali hilo tulilirudisha darasani, na mwalimu akaliandika ubaoni. Katika programu zote alizotutajia, alisema, anayeitwa hudhaniwa kuwa mtu huru anayeweza kuacha alichokuwa akifanya.

Alasiri tulifundishwa mashine ya kushtua moyo. Inazungumza yenyewe, inakuambia bandika hapa, usimguse mgonjwa, bonyeza. Ya darasani ilizungumza Kiingereza, na mpishi akauliza kama ipo ya Kiswahili. Kisha mtu akauliza ya jengo letu iko wapi. Karani wa mapokezi alijibu kwamba iko ofisini kwa meneja, na ofisi hufungwa saa kumi na moja jioni.

"Waniletee mimi," soja alisema. "Geti langu halifungwi." Tuliandika barua ya mistari minne kuomba itundikwe ukutani karibu na daftari la wageni, na anayekuja kumwokoa mtu aandikishwe akitoka, si akiingia. Tulitia sahihi wote. Soja alisema atatia yake mwisho, baada ya mhasibu mkuu.