Alasiri Iliyonipita Katika Baridi ya London



Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Tanga. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewafundisha watoto wetu nyakati za Sala kwa kijiti kilichosimamishwa uani. Leo nataka kuwasimulia aibu iliyonipata, kwani naona ina faida kwa wazee na vijana pia.

Mwezi wa Desemba 2022 nalikwenda kumtazama mwanangu akaaye London, mashariki ya mji, karibu na njia iitwayo Brick Lane. Ni mtaa wa zamani, wenye nyumba za matofali zilizoshikamana ubavu kwa ubavu, na wakazi wake wengi ni Waislamu wenye asili ya Bangladesh. Pembeni mwa njia hiyo upo msikiti ambao jengo lake lilisimamishwa mwaka 1743 na Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso kwao. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti, mwaka 1898 likawa nyumba ya ibada ya Mayahudi, na tangu mwaka 1976 ni msikiti. Juu ukutani pana saa ya jua yenye maneno ya Kilatini, yakumbushayo kwamba sisi wanadamu ni vivuli tu. Nalikwenda kuitazama mara nyingi, lakini aghalabu haikuonyesha kitu, kwa sababu mawingu yalilifunika jua.

Baridi ya huko si kipupwe chetu. Jua huchomoza kama saa mbili za asubuhi, na watu hutoka gizani kwenda kazini na kurudi gizani. Njiani hunyunyizwa chumvi ili barafu isiwaangushe wapitao. Mwaka ule gesi ilikuwa ghali, basi mkwe wangu alipasha moto chumba kimoja tu, nasi sote tulikaa humo; humo watoto walisoma na humo tulikula. Mchana ukiwa mfupi namna ile, yeye alikuwa akilipa siku zake za Ramadhani. Usiku wa Jumapili, tarehe 11, theluji ilianguka, na asubuhi mapaa yote yalikuwa meupe. Mjukuu wangu akanitilia donge mkononi, akacheka aliponiona naruka.

Siku nilipofika, mwanangu alinipa karatasi ya msikiti yenye nyakati za Sala za mwezi mzima. Niliikunja nikaitia mfukoni. Nalijiambia moyoni, mimi nalijifunza nyakati kwa jua, si kwa karatasi.

Jumatatu ile ya theluji nalisali Adhuhuri, nikaketi dirishani na msahafu wangu. Mbingu ilikuwa ya kijivu tangu asubuhi, haikubadilika. Nami mwili wangu umezoea Alasiri ya Tanga, ambayo mwezi huo huingia baada ya saa tisa na nusu. Nikangoja. Mjukuu wangu akarudi shuleni, akavua viatu vyake vilivyoroa, na mara simu ya mama yake ikaadhini. Nikainuka polepole, nikasema, "Alhamdulillahi, Alasiri imeingia, twende tukatawadhe."

Mtoto akanitazama, akasema kwa adabu, "Babu, hiyo ni Magharibi."

Nikaitoa karatasi mfukoni. Alasiri ilikuwa imeingia baada ya saa saba na nusu mchana, nayo Magharibi kabla ya saa kumi. Sala ya faradhi ilinipita nami niko macho, mzima, msahafu mkononi. Sikulala wala sikusahau, hata nikapata udhuru.

Sababu nalikuwa nikiifundisha kila mwaka. Alasiri, kwa madhehebu yetu ya Shafi, huingia kivuli kinapoongezeka kwa kimo cha kitu chenyewe, juu ya kile kivuli kilichobaki jua likiwa kati. Mwezi wa Desemba jua la London hupita chini sana upande wa kusini, hata kivuli cha mtu wakati wa adhuhuri huwa zaidi ya mara tatu na nusu ya kimo chake, ilhali kwetu ni kama theluthi tu. Basi ongezeko lile hutimia huko kwa muda usiofika saa mbili, na kwetu huchukua kama saa tatu na nusu. Elimu nalikuwa nayo. Kiburi ndicho kilichonizuia kuitumia.

Lakini aibu kubwa zaidi ilikuwa ningali sijaiona. Kwa miaka mingi nalikuwa nikimgombeza mwanangu kwa simu. Alipokuwa akisema kwamba Sala za kipupwe ni nzito, nalimjibu kwamba uzito uko moyoni mwake. Jioni ile, aliporudi kutoka kwenye ghala anakofanya kazi, nalimwuliza anasalije. Akanieleza kwamba amepatana na msimamizi wake, akaigawa nusu saa yake ya chakula mafungu matatu ya dakika kumi kumi: moja la Adhuhuri, moja la Alasiri, na moja la Magharibi. Husali nyuma ya masanduku, juu ya kipande cha karatasi ngumu. Chakula chake hukila akiwa amesimama.

Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nimekudhulumu."

Akainamisha kichwa, akasema, "Baba, usiseme hivyo. Maneno yako ndiyo yaliyonisimamisha." Sijui kama alisema kweli au alinisitiri. Usiku ule nalilipa Alasiri yangu, naye akakaa karibu nami mpaka nilipotoa salamu.

Ndugu zangu wazazi, Mwenyezi Mungu ameifanya Sala kuwa faradhi yenye nyakati maalumu, na nyakati hizo hazifanani kila mahali. Kabla hujamgombeza mwanao aliye mbali, mwulize kwanza jua la huko huchomoza saa ngapi na kutua saa ngapi. Nanyi vijana, yule aliyewatangulia kwa elimu naye huhitaji kukumbushwa. Mkumbusheni kwa adabu, kama mtoto yule alivyonikumbusha mimi.

Siku hizi kijiti kingali kimesimama uani kwangu, na ile karatasi ya London nimeibandika mlangoni mwa chuo.

Wabillahi tawfiki.