Breka Inapokataa

Ploti nyingi za mtaa wetu wa Nyalenda zina sura moja: vyumba vya mabati vimepangwa mstari, mita ya tokeni iko ukutani kwa mwenye nyumba, na kisanduku cha breka kiko hapo kando. Mimi ni fundi wa stima, na nikiitwa, lalamiko huwa ni lile lile: breka inakatakata, lete kubwa.

Mama mmoja mwenye ploti upande wa kuelekea Dunga alinipokea akiwa na breka mpya ya ampea 32 mkononi, ameshainunua soko la Kibuye. Iliyokuwa ndani ilikuwa ya 20. Nilifungua soketi nikakuta waya wa milimita mraba 2.5, ganda lake limegeuka kahawia na kukakamaa pale kwenye skrubu. Kwenye laini hiyo moja wapangaji walikuwa na koili mbili za kupikia na birika, kila kimoja wati 2000, na pasi ya wati 1200. Kwa volti 240, vyote vikiwaka pamoja vinavuta ampea 30.

"Mama, hii breka ni nzima. Ukiweka ya 32 itanyamaza, lakini waya utaendelea kuchemka ndani ya ukuta."

"Sasa fundi, wapangaji wangu wapike na nini?"

Swali lake lilikuwa la haki, nitalirudia. Kwanza ieleweke kwamba breka huchaguliwa kwa kuangalia waya, si hamu ya watumiaji. Waya wa 1.5 wa taa, breka ya 6 au 10, wa 2.5 wa soketi, kwa kawaida 20. Tena breka ina subira. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizoshikanishwa, ambacho hupinda taratibu kikipata joto. Mzigo ukizidi kidogo, huvumilia kwa dakika nyingi kabla ya kukata. Inapokata, imeshavumilia sana.

Subira ya namna hiyo niliiona kwa dada yangu mkubwa, aliyekuwa mweka hazina wa ukoo wetu. Kukiwa na matanga, alituambia mapema pesa zinatosha ng'ombe wangapi na mahema mangapi. Alisema kwa upole, akarudia, mwishowe akakataa kutoa. Tukamwita mchoyo. Tukamweka binamu ambaye hakumnyima mtu, na mazishi yakapendeza mno. Madeni ya mazishi hayo yalikula karo za watoto wa marehemu. Namfikiria dada kila mara mtu anaponiambia nitoe breka inayosumbua niweke isiyosumbua, na nimekuwa mkali kuhusu jambo hili kuliko zamani. Nakataa hata nikipoteza kazi.

Lakini breka nayo ina upofu wake. Mtoto akishika waya uliochubuka, stima inayopita mwilini haifiki hata ampea moja, nayo yatosha kuua. Breka ya 20 haioni lolote. Kinachoona ni kifaa kingine, RCD, ambacho hulinganisha stima inayotoka na inayorudi. Pengo likifika miliampea 30, kinakata kufumba na kufumbua. Huku kwetu, ambako mvua za masika huingia hadi sebuleni, na ambako mwaka wa 2020 ziwa lilipanda likafunika fuo za Dunga, sioni nyumba inayoweza kukosa kifaa hiki. Ni ghali kuliko breka, ndiyo maana wenye ploti hukiruka. Kina kitufe cha kujaribia, na naomba kila nyumba ikibonyeze mara kwa mara.

Nikamjibu mama: koili zipewe laini zao, kila moja na breka yake ya 20, baada ya kuhakikisha waya wa kutoka kwenye mita unabeba mzigo wote. Ile soketi iliyoungua tukaikata siku hiyo hiyo. Breka ya 32 akairudisha dukani. RCD alitaka ingoje hadi amalize kupaka ploti rangi. Tulibishana hadi jioni, akakubali rangi ndiyo ingoje.