Daftari la nahodha wa Changuu

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi moja ya Septemba 2025, watu wanane wamesimama kwenye mchanga wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Wanangoja boti ya kwenda kisiwa cha Changuu. Sita kati yao ni watalii kutoka Ulaya. Wawili waliobaki ni wana wa Sake, katika wilaya ya Masisi: dada na mdogo wake.

Dada ametoka Winnipeg, Kanada. Mdogo ametoka Goma. Alivuka mpaka hadi Gisenyi, akaenda Kigali, akapanda basi mpaka Dar es Salaam, kisha akavuka bahari kwa meli. Hawakuwa wameonana tangu Novemba 2012, siku mapigano yalipofika Sake na kila mmoja akakimbia upande wake. Dada alifika kambi ya Nakivale, Uganda, na kutoka huko akapelekwa Kanada. Mdogo alirudi Sake, akaoa, akafungua duka ndogo la kushona viatu. Mwezi wa Februari 2024 alikimbia tena, mara hii na mke na watoto watatu, wakapanga hema kwenye kambi ya Bulengo. Leo wanapanga nyumba ya mbao mtaani Ndosho.

Kwa nini wakutane Zanzibar? Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu Januari 2025, na dada, kwa hati aliyo nayo, anaogopa kurudi. Alipopata likizo ya wiki mbili alimwambia mdogo wake: tukutane mahali ambapo kila mmoja anaweza kufika, na ambapo hakuna mtu atatucheka Kiswahili. Hilo la pili halikutimia. Siku ya kwanza tu, muuza maji alimsikia mdogo akisema « aksanti sana, miye niko na yangu », akatabasamu na kuuliza: « Kaka, Kiswahili chako umekitoa wapi? »

Ni dada aliyelipia safari ya Changuu: boti, miwani ya maji, chakula cha mchana na kuona kobe. Hakujua kwamba mdogo wake hapandi tena boti. Kwenye meli ya Dar alikuwa amekaa katikati, mbali na dirisha, macho yamefungwa, na alipofika alisema tu kwamba alichoka. Lakini meli ile ilikuwa kubwa kama jengo. Hii ya asubuhi ni boti ya mbao yenye injini nyuma na turubai juu, na ubao wake umekaa karibu na maji. Inafanana na zile za Kivu.

Mdogo anarudi nyuma hatua mbili. « Yaya, nenda wewe. Mimi nitakungoja hapa. »

Dada hajajibu bado, na nahodha anafika. Ni mzee wa miaka zaidi ya hamsini, kofia kichwani, daftari la shule mkononi. Anamwendea kila mmoja na kuandika: jina, umri, namba ya simu ya mtu aliyebaki nchi kavu. Akimaliza anahesabu kwa kidole, anahesabu mara ya pili, halafu anampa kijana wa dukani ukurasa alioukata. « Huu unabaki huku, » anasema. Kisha anagawa majaketi ya kuokoa maisha, yale ambayo watu wa Goma wanaita jile. Hakuna anayepanda kabla ya kufunga kamba zote tatu.

Mdogo anaangalia ule ukurasa mkononi mwa kijana. Majina manane. Anauliza: « Mzee, boti hii inaruhusiwa kubeba watu wangapi? »

« Kumi na wawili. »

« Na akija wa kumi na tatu? »

« Atangoja. »

Mdogo anavaa jile. Anapanda.

Safari ni ya nusu saa hivi, kwa maana Changuu iko karibu kilometa 6 tu kutoka mjini. Upepo wa kusi umepungua na bahari ni ya kijani, halafu ya bluu. Mdogo ameshika ubao kwa mikono miwili na hasemi neno. Dada naye haulizi. Kabla ya kufika kisiwani nahodha anapunguza mwendo, anatupa nanga kwenye mchanga, pembeni ya miamba ya matumbawe. Anaeleza masharti: msisimame juu ya matumbawe, ni viumbe hai, mguu mmoja unavunja kilichochukua miaka kukua, msishike kitu msichokijua, asiyejua kuogelea abaki na jile na ashike boya.

Dada anaingia wa kwanza. Huko Winnipeg alijifunza kuogelea akiwa mtu mzima, katika bwawa la mtaa, pamoja na watoto wa miaka sita. Hakumwambia mtu ni kwa nini. Mdogo anakaa ukingoni, miguu ndani ya maji, kwa muda mrefu. Mwishowe anavaa miwani, anauma mrija wa kupumulia, anashika boya kwa mikono yote miwili na kuinamisha uso.

Kwanza anasikia pumzi yake mwenyewe, nzito. Halafu anasikia kitu kama mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga. Ni pono, samaki wa rangi ya kijani na waridi, wanakwangua matumbawe kwa meno yao. Chini kuna mchanga mweupe, kiti cha pweza chekundu, samaki wadogo wenye mistari wanaoingia na kutoka kwenye mashimo. Kila kitu kinaonekana hadi chini.

Ndicho kilichomvunja. Pale Kituku, mawe ya lava yanaingia ndani ya maji na baada ya hapo huoni tena kitu. Katikati yake Kivu ina kina cha zaidi ya mita 400. Tangu mwaka jana, kila usiku, alikuwa akiwaza chini kukoje. Alipotoa uso majini alikuwa analia, na maji ya chumvi yalimsaidia kuficha, lakini dada yake aliona.

Familia nyingi zinazosoma hapa zinakumbuka asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2024. Barabara ya Goma hadi Minova ilikuwa imekatwa na vita kule Sake, na watu pamoja na vyakula vyote vilipita ziwani. Boti moja kutoka Minova, iliyojaa kupita kiasi, ililala upande na kuzama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa ufukweni wakiona kwa macho. Makumi walikufa. Wengi hawakuwa na jile. Mama wa hawa wawili alikuwa ndani. Alikuwa amekimbilia Minova kwa mdogo wake, na alikuwa anakuja Goma kwa ajili ya matibabu ya macho. Hakupatikana mpaka leo.

Kisiwani, kobe ndio wanaowapokea. Ni wakubwa kama meza, wanatembea polepole chini ya miti, na wanataka mchicha. Mtunzaji anawapa wageni majani na kuwaonyesha namna ya kukuna shingo: kobe anainua kichwa, anasimama kwa miguu yote minne na kufumba macho. Si wenyeji wa Zanzibar. Asili yao ni Aldabra, kisiwa cha mbali cha Shelisheli. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alituma wachache kama zawadi, wakazaliana. Baadaye wezi waliwauza, na katika miaka ya 1990 nusura waishe, mpaka pakajengwa uzio na kuwekwa walinzi. Leo kila mkubwa ana namba ya rangi mgongoni, inayoonyesha umri wake. Kuna waliopita miaka 150.

« Hawa nao ni wakimbizi, » dada anasema, akijaribu kucheka.

« Lakini wameandikwa, » mdogo anajibu. « Mama hatukujua hata mwaka aliozaliwa. »

Hapo, kwenye ukuta mfupi wa mawe, majani ya mchicha yakiwa bado mkononi, mazungumzo yaliyosubiri karibu mwaka mzima yanaanza. Kwenye simu walikuwa wakiongea juu ya ada za shule, bei ya unga, baridi ya Kanada. Juu ya boti, kamwe.

« Zile dola arobaini ni mimi niliyezituma, » dada anasema. « Nisingetuma, asingesafiri. Nilidhani unanilaumu, ndiyo sababu ulikuwa unakata simu haraka. »

Mdogo anatikisa kichwa. « Yaya, yeye aliogopa. Alinipigia jioni, akasema afadhali angoje barabara ifunguliwe. Ni mimi niliyemwambia: mama, barabara haitafunguliwa leo wala kesho, panda. Nilikuwa Kituku nikimngoja. Nilikuwa nimemnunulia chapati. »

Dada hakujua hayo. Wanakaa kimya. Kobe mmoja anavuta jani kutoka mkononi mwa mdogo na kula bila haraka.

« Nilikwenda kuuliza orodha ya abiria, » mdogo anaendelea. « Orodha haikuwepo. Kila mtu alitaja hesabu yake. Mama hana kaburi, na jina lake haliko mahali. Ndiyo inayoniuma kuliko yote: ni kama hakupanda. »

Baada ya chakula, kijana wa kisiwani anawatembeza kwenye majengo ya zamani. Anaeleza kwamba Changuu watu huiita kisiwa cha gereza, na gereza lenyewe lilijengwa katika miaka ya 1890, lakini halikufunga wafungwa. Liligeuzwa mahali pa kuwatenga wasafiri walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Kabla ya hapo, anasema, kisiwa kilitumiwa kuzuia watumwa waliokuwa wakaidi. Kati ya watu waliouzwa Zanzibar nyakati zile, wengine walitekwa Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Ni kwa njia hizo za misafara, za pembe na za watu, Kiswahili kilipanda mpaka Kasongo na kusambaa huko kwetu. Mdogo anauliza kama majina ya waliozuiliwa hapa yameandikwa mahali. Kijana anasema hapa kisiwani hakuna.

Wakati wa kurudi, boti ikiwa bado ufukweni, nahodha anahesabu tena watu kwa kidole. Mdogo anamkaribia. « Shikamoo mzee. Samahani. Hili daftari ni sheria, au ni wewe tu? »

Nahodha anachukua muda kabla ya kujibu. Anasema sheria ipo, na sheria ilikuwepo pia usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikienda Pemba. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Maiti zilizopatikana zilikuwa karibu 200. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema waliokufa na waliopotea walipita 1,500. « Unaona tofauti hiyo? » anauliza. « Hao wa katikati ni watu ambao ndugu zao walilazimika kwenda kuthibitisha kwamba walikuwepo. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Kuanzia hapo ninaandika. Nikibeba mmoja, ninaandika mmoja. »

Hakuongeza neno. Aliwasha injini. Kwenye safari ya kurudi, mdogo alikaa ukingoni, karibu na maji, bega lake limegusana na la dada yake.

Dada alikuwa ametenga pesa za zawadi: vitenge kwa shemeji, simu kwa mtoto mkubwa. Mdogo aliomba kitu kingine. Siku ya kuagana walipita Kariakoo, Dar es Salaam, na kununua jile tano, mbili za watu wazima na tatu za watoto. Mpakani askari alimuuliza kama anakwenda kuvua samaki.

Leo jile hizo zimetundikwa kwenye misumari, nyumbani kwake Ndosho, juu ya mashine ya kushona viatu. Majirani wanaokwenda Idjwi au Bukavu wanaziazima. Halipishi kitu. Sharti lake ni moja: kabla ya kutoka, jirani anaandika kwenye daftari jina lake, majina ya watoto alio nao, jina la boti, siku, na namba ya simu ya anayebaki. Akirudi, anatia alama. Mpaka sasa kuna majina 31, na yote yana alama isipokuwa moja, lililo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Hilo ni la mama yake. Aliliandika pamoja na tarehe, na mahali pa kutoka: Minova.

Jile tano haziwezi kuokoa ziwa zima, na daftari halizuii boti kujazwa. Ni kazi ya wenye boti na ya wakubwa wa bandari. Lakini kwa familia zitakazopanda wiki hii, kuna mambo ambayo hayangoji mkubwa. Ulizeni boti inabeba watu wangapi, na muwahesabu waliomo. Mtoto afungwe jile kabla ya mizigo kupakiwa, si baada ya mawimbi kuanza. Muache nyumbani karatasi yenye majina ya wote mnaosafiri. Na mtu akiwaambia kwamba anaogopa, kama mama yule alivyosema jioni ile, mwacheni angoje.