Jioni Juu ya Paa, Mji Mkongwe

Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una migahawa ya juu ya mapaa, ambako walaji huketi juu ya mito wakiitazama bahari. Katika mmojawapo, wenye bei zisizo za wengi, tulimpeleka bibi yetu, mzaliwa wa Mkunazini.

Chakula, kwa haki, hakikuwa na dosari. Pweza alilainika ndani ya tui zito. Biriani ilinukia iliki na zafarani, masala yake yakiwa mbali na wali kama ipasavyo. Bibi, ambaye hasifu ovyo mapishi ya watu, aliomba aongezewe tui.

Halikuja. Wageni waliofika baada yetu walihudumiwa kwanza, kwa bashasha na Kiingereza. Salamu yetu haikuitikiwa. Ilipoadhiniwa Magharibi tukauliza pa kuswali. Mhudumu akaonyesha ngazi kwa kidole, akaenda zake. Bibi akateremka taratibu ngazi zile za mbao, ametushika mikono.

“Wajukuu zangu,” akauliza, “kwani hapa si kwetu?”

Tukaswali msikiti wa jirani. Tuliporudi, bili ilikwishatangulia mezani; tui bado.