Haka Katimu

Jina la timu ya Haka nililiona kwa mara ya kwanza mwaka 1998, kwenye ukurasa wa michezo wa gazeti ambalo mtu aliliacha kwenye kiti cha basi pale Tampere, Ufini. Nikacheka peke yangu. Kwetu Mufindi mtu akitamka "haka" unamsubiri amalizie: haka katoto, haka kambuzi, haka kamji. Kwa Kifini neno hilo ni kulabu tu, lakini mimi nilikuwa nimeshalimalizia kwa namna yangu. Haka katimu.

Kalikuwa katimu kweli. Mji wake, Valkeakoski, una watu wapatao 20,000, haufikii kata nyingi za Dar es Salaam. Nilikuwa mwanafunzi, fedha ya posho ilihesabiwa, na rafiki yangu mmoja Mfini alisema kama nataka kuona mpira wa maana nisihangaike na Helsinki, nipande basi niende kusini kidogo. Jumapili moja nikaenda.

Pua ilifika kabla ya macho. Niliposhuka tu basi, harufu ikanipiga: kama mayai viza, kama kabichi iliyosahaulika jikoni. Abiria wengine walikunja nyuso. Mimi nilisimama pale kituoni nikiwa na miaka tisa tena, niko Mgololo, baba anarudi kutoka zamu ya usiku kiwandani na harufu ileile imeng'ang'ania kwenye ovaroli lake. Wanaopika mbao kutengeneza karatasi hunuka hivyo, wawe Iringa au Ulaya Kaskazini. Nilikaa Ufini karibu miaka minne, na sikuwahi kujisikia nyumbani kama siku ile kituoni, kwa sababu ya uvundo.

Uwanja unaitwa Tehtaan kenttä, yaani uwanja wa kiwanda. Hawakujisumbua kutafuta jina la shujaa. Pale ndipo nilipokutana na mzee wangu wa jukwaani, mstaafu wa kiwanda, kofia yake haivuliwi msimu mzima. Siku ya kwanza hatukusemeshana kabisa. Siku ya pili alininyooshea soseji yenye haradali bila neno, na kwa Wafini hiyo ni hotuba. Nilipomwambia, kwa Kifini changu cha kuokoteza, kwamba baba yangu alikuwa fundi wa mashine ya karatasi Afrika, alinigeukia mwili mzima. "Mashine ya upana gani?" Sikujua. Alisikitika kwa dhati.

Yeye ndiye aliyenipa historia, kidogo kidogo, mechi hadi mechi. Klabu ilianzishwa mwaka 1934. Iliyoiinua ni kampuni ya Yhtyneet Paperitehtaat, na hasa mkurugenzi wake, Juuso Walden, bwana mkubwa wa mji ule, mpenda kandanda kupindukia. Mchezaji hodari akitafutwa, kilichomvuta si mshahara wa mpira bali kazi kiwandani. Asubuhi yuko kwenye mitambo, jioni mazoezini. Mwaka 1955 Kombe la Ufini lilipochezwa kwa mara ya kwanza, Haka wakalibeba. Ubingwa wa ligi ukafuata 1960, 1962 na 1965. Kijana wao Juhani Peltonen akachukuliwa na Hamburger SV mwaka 1964, Mfini wa kwanza kucheza Bundesliga.

Nilimwambia mzee hayo si mageni kwangu. Nikamtajia Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, na Mtibwa Sugar. Ya mwisho ilimfurahisha mno: timu ya kiwanda cha sukari! Tena angalia majaliwa, mwaka 1999 na 2000 Mtibwa walikuwa mabingwa wa Tanzania, na miaka hiyohiyo Haka walikuwa mabingwa wa Ufini. Tangu hapo nikifika jukwaani swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Sukari wameshinda?"

Miaka ile niliyoishuhudia ilikuwa ya neema. Timu ilikuwa imetoka shimoni: bingwa 1995, ikashuka daraja 1996, na mwaka 1997, ikiwa bado daraja la chini, ikachukua Kombe la Ufini. Halafu, chini ya Mwingereza Keith Armstrong, ubingwa mara tatu mfululizo, 1998, 1999, 2000. Lakini mzee hakupenda sana kuzungumzia ubingwa. Alipenda kuzungumzia Juventus.

Machi 1984, robo fainali ya Kombe la Washindi. Machi kule ni theluji tupu, mpira hauchezeki, kwa hiyo mechi ya nyumbani ya Haka ilichezwa Strasbourg, Ufaransa. Nyumbani kwao, Ufaransa! Juventus ya Platini, Rossi na Boniek ilishinda 1-0, na marudiano Turin ikashinda 1-0 tena, kisha ikaenda kulitwaa kombe lenyewe. "Moja, moja," mzee alisema akionyesha kidole. Hakuwahi kusema walifungwa.

Agosti 2001, mwezi wangu wa mwisho, ikawa zamu ya Liverpool. Haka walifika hapo kwa ushindi wa mezani: Maccabi Haifa walimchezesha mtu asiyeruhusiwa. Mechi ikapelekwa Helsinki, Uwanja wa Olimpiki, na sisi tukapanda mabasi. Liverpool ilikuwa na Wafini wawili, Jari Litmanen na Sami Hyypiä, hivyo nusu ya uwanja haikujua imshangilie nani. Owen wa Liverpool alifunga matatu. Tulilala 5-0, na mojawapo ya mabao hayo ni la Hyypiä mwenyewe. Mzee alipiga makofi mawili tu kwa bao hilo, kisha akaweka mikono mfukoni, kama mtu aliyejiona anaiba.

Kurudi ni kilomita zipatazo 150, usiku. Basi zima lilikuwa kimya. Hakuna aliyetukana kocha, hakuna aliyelaumu refa, jambo ambalo mimi mtu wa Simba na Yanga sikulielewa hata kidogo. Mzee alikuwa amelala, kofia imemfunika macho. Taa za barabarani zikaisha, misitu ikatufunga pande zote, nami nikasinzia.

Kilichoniamsha ni ile harufu. Mzee, macho bado yamefungwa, akavuta pumzi puani, akaanza kutafuta mfuko wake chini ya kiti.

"Tumefika," akasema.