Kwa mpwangu anayegombea wadi

Mpwangu Hamisi,

Mamako kanipigia simu, kaniambia umechukua fomu ya uwakilishi wadi na mabango yako yanaahidi uwanja wa michezo wenye taa. Sina neno na uwanja. Ila kabla hujapanda jukwaani tena, nataka umjue Lateef Jakande, aliyekuwa gavana wa jimbo la Lagos, Nigeria.

Kabla ya siasa alikuwa mwandishi wa habari, akawa mhariri mkuu wa Nigerian Tribune, gazeti la mwanasiasa Awolowo. Walifungwa pamoja kwa kesi ya uhaini mwaka 1963, wakaachiwa 1966. Alipoapishwa Oktoba 1979 alikuta watoto wa Lagos wakisoma kwa zamu, hawa asubuhi, wale alasiri, maana madarasa hayakutosha. Akajenga mbiombio majengo ya chini, hayana urembo wowote. Wapinzani wakacheka, wakayaita mabanda ya kuku. Wacheke! Zamu zilikwisha, na mtoto wa muuza samaki akaingia darasani asubuhi bila ada. Nyumba za bei nafuu alizojenga, mpaka leo watu wa Lagos huziita kwa jina lake.

Yeye mwenyewe aliendelea kulala kwake, mtaa wa Ilupeju, na kutumia gari lake binafsi. Wanaomsifu hulisimulia sana hilo la gari. Mimi silioni kubwa, maana hata mnafiki anaweza kupanda gari kuukuu.

Alikuwa pia na mradi wa treni ya jiji. Desemba 1983 jeshi likapindua serikali, na mwaka 1985 utawala wa kijeshi wa Buhari ukaufuta mradi, jimbo likaachiwa fidia ya kulipa. Treni hiyo Lagos iliipata baadaye sana: ilizinduliwa Januari 2023, na mzinduzi ni Buhari yuleyule, safari hii rais wa kuchaguliwa. Jakande alikwisha kufariki Februari 2021, ana miaka 91. Madarasa yalisalimika kwa kuwa wanajeshi walikuta watoto wamo ndani. Basi ipime miaka yako mitano kwa jicho hilo.

Doa lake nalo sikufichi. Mwaka 1993, Abiola amenyang'anywa ushindi wake wa urais, Jenerali Abacha akatwaa nchi, na Jakande akakubali kuwa waziri wake wa ujenzi na nyumba. Wenzake wakamsihi atoke, akakataa. Wapo ambao hawakumsamehe. Nadhani wachapakazi hunaswa hapo: wakionyeshwa kazi ya kujenga, hawamtazami anayewapa.

Sasa wewe, uwanja usubiri. Shule za msingi si kazi ya kaunti, usiwaongopee watu. Chekechea ndizo zenu. Zipitie zote za wadi yako, uhesabu watoto wanaokaa sakafuni, kisha uje na daftari tuandike upya ilani yako. Na mamako asijue kwamba nimekukemea.

Mjomba wako